Chupa za Émerence

Kamina, 9/11/1983

Mudogo wangu Cyprien,

Émerence alikufa. Jumatatu asubuyi. Tulimuzika jana.

Tumbo ilimukamata jumamosi. Alisema itapita. Jumapili ikakuwa nguvu, nikamuweka ku kiti ya nyuma ya velo, nikasukuma mupaka ku hôpital. Docteur alisema tulikawia. Njo vile.

Minyi niko muzima. Mutoto wetu Marie-Thérèse alitoka Kaniama na mimba yake, analia, anakataa kula. Bantu ba kazi balikuya bote. Chef alinipatia siku tano. Juu ya kaburi niliweka mawe ine ya njia ya reli.

Barua zote za mbele, yeye njo alikuwa anaandika. Minyi nasema, yeye anaandika. Zako, yeye njo alikuwa ananisomea. Hii naandika minyi mwenyewe. Kama maandiko iko mubaya, soma tu.

Nilimupatia Ngoy, chef de train, akuletee. Sijue itafika lini. Hatukuweza kukungoja ku kilio, tukazika.

Minyi yaya yako,
Umba

*

Lubumbashi, 2/12/1983

Yaya Umba,

Barua yako ilifika juzi. Train ilikaa siku mingi mu njia, Ngoy njo aliniambia. Nilisoma nimesimama ku mulango, kisha nikakaa chini pale pale. Nilienda ku misa asubuyi, nikamuombea. Salimia Marie-Thérèse, mwambie akule juu ya mutoto.

Hapa niko muzima. Kazi iko ile ile, kwa baprofesseur. Naosha machupa, nafagia labo, namubebea professeur bintu yake wakati anaenda mu pori. Joto iko mingi. Mvula imeanza kunyesha muzuri. Jirani yangu mama Likoke anakutumia pole.

Iko kintu moja, yaya, usinikasirikie. Mu bintu bya Émerence, kama utaona chupa kidogo, na mu chupa nyoka mwembamba sawa kamba ya kiatu, uiweke fasi haina jua. Usiivunje sawa ile ya kwanza. Nitakueleza kisha.

Mungu akusaidie.

Mudogo yako,
Cyprien

*

Kamina, 18/12/1983

Mudogo,

Niko muzima. Marie-Thérèse alirudia kwa bwana yake. Anakula. Muhogo ya shamba iko muzuri, hakuna mutu wa kulima.

Chupa iko. Sasa sikiliza vile ilionekana.

Mama ya Émerence alikuya na batoto bake banaume, kukamata bintu bya marehemu, sawa desturi. Balikuwa sita. Balimwanga valise yake juu ya mukeka mbele ya bantu bote. Bitambaa, masufuria, rozari. Kisha chupa ikatoka mu kitambaa, ikabiringika mupaka ku miguu ya bukwe, ule mama yake. Ndani iko nyoka. Bukwe aliruka sawa mutoto. Bantu bote baliniangalia minyi.

Éliézer, kaka yake mukubwa, yule catéchiste, aliokota chupa, akafungua, akanusa. Akasema: « Ni lutuku. Nyoka amelewa tu. » Bantu bakacheka, bakapumua.

Kisha akaona barua. Kumi na ine, zimefungwa na uzi. Akafungua ya juu, akasoma na nguvu, sawa iko ku misa: « Bibi yangu mupenzi, jembe yako iko na bahati. »

Bantu bakacheka tena. Minyi pia nilicheka. Najua, kwetu mudogo anaita bibi ya yaya, kaka yake mukubwa, « bibi yangu ». Kila mutu anajua. Unamuita vile mu uso yangu, ananiangalia, tunacheka batatu. Lakini mu kinywa iko muchezo. Mu karatasi, mara kumi na ine, minyi siko pale, iko nini?

Kwangu uliandika barua tano mu miaka mitatu.

Sasa nazisoma. Polepole, ukurasa moja siku moja, kisha kazi. Sielewe. Unaandika: ya pili ilifika muzima. Ya tano iko na mayayi mu tumbo. Nani iko na mayayi?

Na neno ingine. Ile chupa ya kwanza ilianguka mu jikoni. Tulikuwa babili mule. Minyi na yeye. Weye nani alikuambia?

Weye hauna bibi, Cyprien. Uko na miaka makumi tatu na sita. Nilikuwa nasemaka ni juu ya kazi.

Umba

*

Lubumbashi, 15/1/1984

Yaya,

Mwaka mupya, nakutakia afya. Natumia pamoja na hii barua sabuni mbili na dawa ya mugongo, sababu Ngoy alisema mugongo inakusumbua ku kazi.

Nitakueleza. Usikasirike mbele ya kumaliza kusoma.

Professeur wangu anatafuta nyoka yenye kuishi chini ya udongo. Haina macho, ama iko nayo lakini ngozi imefunika, unaona kidoti tu. Mukia na kichwa iko sawasawa. Inakula mayayi ya muchwa. Haiume mutu. Ya ile aina ya kwetu, ilikuwa inajulikana mbili tu mu dunia muzima, na zote iko Ulaya, zimekauka, na hakuna mutu anajua zilitoka mu udongo gani.

Niliandika ku nyumba yenu, mwaka 1980, kuuliza kama munaona ile nyoka ku Kamina. Barua ilikuwa yako, yaya. Émerence aliisoma. Juma ile ile akalima, akapata moja pembeni ya kilima ya muchwa. Njo ile chupa ya kwanza. Kisha aliniandikia kwamba imevunjika, kwamba ataweka zingine, na kwamba tusikuambie. Nilikubali. Njo kosa yangu, naisema.

Alituma saba. Mu dunia hakuna mutu mwengine alipata saba. Ile iko kwako ni ya nane. Alimwambia Ngoy iko kubwa kupita zote. Professeur ananiuliza kila siku.

Muwekee Ngoy ile chupa mu mikono, yaya. Nakuomba.

Cyprien

*

Kamina, 29/1/1984

Cyprien,

Sabuni ilifika. Dawa ilifika. Mvula ilikata njia ya reli ku kilomètre kumi, tulitosha maji juu ya njia siku tatu.

Nilimaliza kusoma. Sasa soma weye.

Lutuku yangu ilikuwa inapunguka. Miaka mitatu. Nilikuwa nasema ni Kitenge, jirani, anaingiaka wakati minyi niko ku kazi. Nilimutukana mbele ya bibi yake. Nilimuita mwizi. Hatusalimiane tangu 1981. Kumbe lutuku inakunywewa na nyoka ya ndugu yangu.

Nilienda kwa Ngoy ku gare. Nikamuuliza. Akasema: « Ah, Umba, tulijua weye njo unamutuma. » Tulijua. Ni nani, tulijua? Akasema bantu ba équipe yetu. Wote. Tunabeba reli pamoja, tunapiga mawe chini ya traverses, zile mbao za reli, pamoja, tunakula bukari mu sahani moja. Bao banajua bibi yangu anatumaka chupa Lubumbashi kwa mudogo yangu. Minyi njo sijue.

Shamba iko yangu. Jembe niliweka muti minyi. Mikono ilikuwa ya bibi yangu. Na kule kwenu ku labo, bantu banasema asante kwa nani? Kwa Cyprien.

Chupa iko juu ya kabati. Itabakia pale. Siku moja nitaimwanga mu choo.

Nitakuuliza neno moja tu, unijibu. Ile barua ya 1980. Alisoma kimya kimya, amesimama ku jikoni. Kisha akacheka. Akacheka mupaka akashika ukuta. Nilimuuliza unacheka nini. Akasema hapana kitu. Miaka tatu namuuliza, anasema hapana kitu.

Uliandika nini?

Umba

*

Kamina, 26/2/1984

Cyprien,

Sijapata jibu. Ngoy anapita mara mbili juma moja, anasema haukumupatia kitu.

Marie-Thérèse alizaa mutoto mwanamuke. Bamemupatia jina Mwila, jina ya kikwetu ya nyanya yake Émerence.

Nyoka bado iko. Jana niliishusha, nikaiangalia ku dirisha. Sikuona macho.

Nitaomba congé kisha Pasaka. Nitakuya kwako.

Umba

*

Lubumbashi, 20/3/1984

Yaya Umba,

Nafurahi juu ya mutoto Mwila. Natuma kitambaa ya kumubebea, Ngoy iko nayo. Baba ya mutoto, mumupatie salamu zangu. Minyi nilikuwa na malaria juma mbili, sasa niko bora.

Sikujibu sababu nilikuwa na haya. Juu ya malaria pia, lakini zaidi haya.

Nitakuambia yenye nilimuandikia. Unakumbuka kule kwa baba, wakati weye ulikuwa na miaka kumi na minyi sita. Mama alikutuma kuchimba viazi. Kitu kikatoka mu udongo, chembamba, kinang'aa, kinajipindapinda. Ukatupa jembe, ukakimbia, ukapanda juu ya nyumba ya jikoni, ukapiga kelele mupaka bantu ba kijiji yote bakakuya. Baba akaangalia, akasema ni munyoo. Ulikataa kushuka mupaka mama aliweka ngazi. Mwaka muzima batoto balikuwa banakuita Munyoo.

Njo hiyo. Chini ya ile barua yako niliongeza neno ya Émerence: « Ile nyoka natafuta, hauwezi kuomba Umba aikamate, atapanda juu ya nyumba. » Akacheka. Njo yote. Hakutaka kukuambia sababu alijua unachukiaka ile hadisi.

Na chupa ya kwanza. Yaya, weye unasema ilianguka. Yeye aliniandikia ingine, lakini sitaandika hapa yenye alisema. Mwisho alisema: « Tusimuambie, sipende aone nyoka ingine, ikakuwa vile tena. » Alikuwa anaficha nyoka, yaya. Weye hakukuficha.

Unaniuliza juu ya bibi, kwamba sina. Ile sitajibu.

Usikuye kisha Pasaka. Professeur ananibeba Kolwezi juma mbili, hautanikuta. Nitakuya minyi Kamina mu juni, tutaenda pamoja ku kaburi.

Cyprien

*

Kamina, 29/4/1984, siku ya mungu

Mudogo,

Nilikuya. Najua ulisema nisikuye.

Congé yangu ilikuwa siku kumi. Nilipanda train ya Ngoy, chupa mu mufuko, imefungwa mu kitambaa yake Émerence, kile kimoja bandugu bake baliniachia. Nilikuwa na mawazo mbili. Ya kwanza, kukukuta kweli haukuenda Kolwezi, kukupiga. Ya pili, kuivunja chupa mbele ya professeur yako. Njia yote nilikuwa nayo, kila moja ku upande yake.

Weye haukukuwa. Mama Likoke aliniambia ni kweli ulienda. Alinipatia maji, akaniangalia sana. Akasema: « Munafanana. » Sikufurahi.

Nilienda ku labo. Iko mulinzi pale, muzee Malachie. Aliniuliza niko nani. Nikasema niko Umba wa Kamina. Akasimama. Akasema: « Umba wa kilomètre ine? » Sikuelewa. Anijue wapi?

Akanifungulia mulango. Yeye njo anajua fasi ya kila kitu mule, anapanguza vumbi. Akanionyesha étagère. Chupa saba, zimepangwa sawa kadi. Nyoka mu kila moja. Ku kila moja, karatasi kidogo na uzi. Maandiko ya Émerence. Niliyajua toka ku mulango. Ile herufi U yake na mukia.

Malachie alitaka kunisomea. Nikamukataza. Nilisoma minyi. Nilikaa pale mupaka saa sita.

Ya kwanza inasema: Kamina, tarehe 14 mwezi wa kumi 1981. Shamba, kilomètre ine, fasi Umba anatengenezaka njia. Chini ya muhogo. Mwila.

Ya pili inasema: Kamina, kilomètre ine, karibu na traverses za zamani zenye Umba aliweka pembeni. Mwila.

Ya tatu vile vile. Ya ine vile vile. Zote saba. Kila moja iko na jina yangu. Mu barua zako kumi na ine haikukuwa. Mu kinywa ya équipe haikukuwa. Iko pale. Malachie alisema professeur anaandika ile fasi mu kitabu yake vile vile, kilomètre ya Umba, hata bantu ba Ulaya banaisoma.

Jina yako haiko ku hata moja. Niliangalia nyuma ya karatasi pia.

Nilitosha chupa ya nane mu mufuko. Haikukuwa na karatasi, alikufa mbele ya kuiandika. Malachie akanipatia crayon na uzi. Nikafikiri siku gani. Kisha nikajua. Ile ijumaa ya mvula ya kwanza ya nguvu, maji ilikuwa inabeba mawe ya njia. Nilirudi, nikamukuta ku mulango, mikono yake udongo mupaka ku viwiko. Anacheka peke yake. Nilimuuliza unacheka nini. Akasema hapana kitu. Nikakasirika, sikukula. Kesho yake tumbo ikamukamata.

Nikaandika: Kamina, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja 1983. Shamba ya Émerence, kilomètre ine. Mwila. Jina yangu sikuweka. Iko ya kutosha.

Niliiweka pembeni ya zingine. Iko kubwa kweli.

Sasa maneno yenye kubakia.

Ile chupa ya kwanza haikuanguka. Niliitupa ku ukuta. Alikuya kunionyesha, anafurahi, anasema angalia, Cyprien atafurahi. Nilisikia Cyprien atafurahi, nikaitupa. Yeye aliokota vipande. Nyoka alimuzika nyuma ya nyumba. Unaijua tayari. Naandika tu sababu ni minyi nilipaswa kuandika.

Ile barua ya kucheka, ungeniuliza iko wapi. Niliivuta. Nilichana ile karatasi, nikafunga na tumbaku, nikavuta yote, siku mbili, mbele yake. Sikujua yenye ilikuwa ndani. Ilikuwa hadisi yangu.

Barua zako kumi na ine nimeacha kwa Malachie. Ni zako. Ile bibi yangu, usiandike tena kwa bibi ya mutu. Sema mu kinywa, mbele ya bwana yake. Na ile yenye ulisema hautajibu, usijibu. Hata mu juni. Hata ku kaburi. Tutaenda, tutalima majani, tutarudi. Bado naona vibaya mu roho. Nitakuwa naona vibaya tu.

Kitenge nilimusalimia. Hakujibu. Nitamusalimia tena.

Neno ya mwisho, na hii umwambie professeur yako. Nilisimama mbele ya zile chupa muda murefu. Chembamba, kinang'aa, haina macho, mukia na kichwa sawasawa. Ile yenye ilitoka mu viazi kule kwa baba ilikuwa hii. Hii yenyewe. Haikukuwa munyoo, Cyprien. Ilikuwa nyoka. Minyi njo wa kwanza kuiona, na sikukimbia munyoo. Andika mu kitabu.

Hiyo ningemwambia Émerence. Angeshika ukuta.

Congé imekwisha. Kesho narudia kazi.

Umba